Kitasa cha Leva Tano

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni, na pale sokoni Gakoromone, mjini Meru, akina mama walikuwa wakifunika kabichi na karoti zao kwa magunia kabla giza halijaingia. Lenah alipita katikati yao kwa haraka, bila kumsalimu mtu. Kwa mkono mmoja alimshika bintiye, Kaari, mtoto wa miaka saba. Kwa mkono wa pili alibeba kiondo, na ndani ya kiondo mlikuwa na kitasa cha mlango.

Kilikuwa kitasa cha pili katika wiki tatu. Alikuwa amekuja kukirudisha, na alikuwa amejiandaa kugombana.

Duka la Jawahir liko nyuma ya soko, chumba chembamba kilichojaa misumari, bawaba na makufuli yaliyoning'inia ukutani. Jawahir ni mama wa Kisomali aliyezaliwa papo hapo Meru, mwenye ulimi mwepesi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Ameuza vitasa miaka ishirini, na husema anaweza kujua shida za nyumba ya mtu kwa kuangalia tundu la ufunguo wake tu.

"Mama Kaari! Umerudi tena? Ukiendelea hivi nitakuuzia duka lenyewe."

"Hii kitasa yako ni ya bure," Lenah akasema, akakibwaga juu ya kaunta. "Nilikuambia nataka kitu ya kuzuia mtu. Hii inafunguka tu vile inataka."

Jawahir hakukasirika. Alivaa miwani, akawasha tochi ya simu, akaingiza ufunguo na kuuzungusha. Ulimi wa chuma ukatoka, ukarudi. Ukatoka, ukarudi.

"Nani amekuambia imeharibika?"

"Kila jioni nafunga. Kila jioni naipata wazi."

"Haijaharibika. Na haijavunjwa pia." Akakisogeza kitasa karibu na mwanga. "Mwizi akitumia waya ama bisibisi, lazima aache mikwaruzo kwa tundu. Angalia upande ya nje. Safi kabisa, kama siku nilikuuzia. Sasa angalia upande ya ndani."

Lenah akainama. Kuzunguka tundu la ndani palikuwa na mikwaruzo midogo midogo, mingi sana. Ni kama mtu alikuwa akipapasa kwa ufunguo gizani, akitafuta mahali pa kuuingiza.

"Hii imefunguliwa na mtu ako ndani," Jawahir akasema polepole. "Mko wangapi kwa nyumba?"

"Wawili. Mimi na huyu. Baba yake ako Isiolo kwa malori, anakuja mwisho wa mwezi."

Wote wawili wakamtazama mtoto. Kaari alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa makufuli. Hakuwa akicheza. Alikuwa akilipapasa kufuli moja kuukuu kwa kidole gumba, taratibu, huku midomo yake ikichezacheza bila sauti.

"Na ufunguo unawekanga wapi?"

Lenah akagusa kifua chake. "Hapa. Hata nikilala."

"Huyo mwizi anakuja saa ngapi?"

"Saa moja kasoro. Kila siku."

"Magharibi?" Jawahir akanong'ona Bismillahi, akavua miwani. "Mwizi gani huyo hana hata haya ya kungoja watu walale?"

"Mwaka jana tulizika mama mkwe. Ufunguo wake haukuonekana. Nikafikiri kuna mtu aliuokota..."

"Lakini hii kitasa ni mpya, mama. Ufunguo ya marehemu itaifungua aje?"

Jawahir akaona amemkera mteja, akarudi kwenye biashara. Alipanga bidhaa zake juu ya kaunta. Kufuli la mia nne: mtu akija na mkasi wa chuma, dakika moja limekwisha. Kitasa cha leva mbili, yale mabamba ya ndani yanayoshika ulimi wa chuma, kama kile kilichorudi: hicho ni cha chumba cha kulala, si cha mlango wa mbele. Kitasa cha elfu saba, kinachong'aa: asidanganywe, mlango wa mbao utapasuka kabla ya kitasa hicho, na pesa zitakuwa zimeliwa bure.

"Chukua hii ya leva tano. Elfu mbili na mia tano. Ni nzito, ni ya bei ya katikati, na haina maringo. Na uongeze komeo ya mia mbili, fundi aiweke juu kabisa, mahali mtoto hafiki."

"Elfu mbili na mia nne, zote mbili."

"Elfu mbili na mia sita, na tuachane vizuri." Jawahir akazifunga kwa gazeti. Kisha akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Lakini nikuambie kitu, mama. Kitasa ni ya kuzuia mtu ako nje. Kikulacho ki nguoni mwako, na dawa ya hiyo mimi siuzi."

Akampa mtoto peremende. "Na wewe, Kaari, hiyo jina nzuri ulipewa ya nani?"

"Jina ni langu," mtoto akasema.

Jawahir alicheka. Lenah hakucheka.

*

Usiku ule walilala kwa Wawira, dada yake Lenah, huko Makutano. Hakuna aliyebisha hodi. Lenah alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, na asubuhi alipoamka karibu ashawishike kwamba yote yalikuwa mawazo.

Hayakuwa mawazo, na moyoni alijua hivyo.

Nyumba yao iko Githongo, ndani ya kahawa. Ni nyumba ya mawe yenye sakafu ya saruji, na aliyeijenga ni mama yake Koome, mume wa Lenah. Mama huyo naye aliitwa Kaari. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, ndiyo desturi, na tangu siku mtoto alipozaliwa Koome alimwita "mama". Hakuwa akitania. Kwa watu wa milima hii, mtoto aliyepewa jina la mtu ni mtu yule yule amekuja tena, mdogo. Humtusi. Humnyimi chakula. Ukimchapa, unajua ni nani umemchapa.

Lenah aliona hayo yote ni upuzi wa wazee. Alikuwa na sababu zake.

Bibi Kaari alikuwa mkali kama pilipili. Ufunguo wa mlango wa mbele aliufunga kwenye pindo la leso yake, na kwa miaka kumi na mmoja hakumpa Lenah nakala. Lenah akichelewa kutoka shambani, anakuta mlango umefungwa. Akichelewa kutoka kanisani, umefungwa. Mara moja alikuwa na mimba ya miezi minane na aliketi nje kwenye ngazi hadi miguu ikavimba. Siku aliporudi kutoka kumzika babake mzazi huko Runyenjes, na macho bado mekundu, alibisha hodi tangu saa moja hadi saa nne. Bibi Kaari alipofungua alisema tu, "Nyumba ina wenyewe."

Chuki ya namna hiyo haiishi. Inalala tu, ikingoja.

Ikaamka mwezi wa saba mwaka jana, siku ya mvua nyembamba, ile ya baridi inayoshuka kutoka mlimani na kukaa wiki nzima. Jioni, bibi kizee alitoka kumkatia ng'ombe nyasi. Lenah alitazama mgongo wake ukipotea kwenye kahawa. Kisha akainuka, akasukuma komeo la ndani, lile ambalo ufunguo wa leso hauliwezi.

Leo na yeye aonje, akajiambia. Saa moja tu.

Hodi ilibishwa. Kwa mkono kwanza, halafu kwa fimbo. Mtoto, wakati huo ana miaka sita, alikimbilia mlango akilia, "Shosho! Ni shosho!" Lenah alimkamata mkono, akaufinya mpaka mtoto akanyamaza. Akaongeza sauti ya televisheni. Baada ya muda hodi ikakoma. Lenah akasema moyoni, ameenda kwa Ciku, jirani. Akapitiwa na usingizi pale pale kwenye kiti.

Asubuhi aliwaambia watu kwamba mama alikuwa ameamka alfajiri kwenda kukamua, akaanguka na kufa mlangoni. Alikuwa na miaka sabini na minane. Nani angeuliza? Koome alilia kama mtoto mdogo, na Lenah alimshika bega makaburini.

Kuna mtu mmoja tu duniani aliyejua. Na huyo alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

*

Mvua nyembamba iliporudi mwaka huu, hodi nayo ilirudi.

Jioni ya kwanza ilikuwa sauti tu. Jioni ya pili mlango ulikutwa wazi, baridi imejaa sebuleni. Lenah akaweka kufuli. Kesho yake kufuli lilikuwa linaning'inia, limefunguka. Akaweka kitasa. Kitasa kikafunguka. Akaweka kingine, nacho kikafunguka. Kila siku lile jambo lilisogea hatua chache zaidi: maji kwenye kizingiti, halafu maji katikati ya sebule, halafu kiti cha marehemu kimelowa mgongoni. Na harufu. Sufu iliyolowa mvua, na ugoro. Tangu bibi kizee azikwe, hakuna mtu katika nyumba ile anayenusa ugoro.

Kila mara Lenah alikuwa jikoni, jiko la nje, akipakua chakula. Kila mara mtoto alikuwa ndani. Akimwuliza, "Nani amefungua?", Kaari hujibu kwa utulivu, "Kulikuwa na baridi."

Jumamosi mchana alimwita Mugendi, fundi wa mbao kutoka Embu aliyehamia Githongo. Mugendi alitoboa mlango kwa uangalifu, akipiga mluzi. Kaari aliketi kando yake na kopo la skrubu. Kabla fundi hajaomba skrubu, mtoto alikuwa ameshamwekea mkononi, na kila mara ilikuwa ile inayofaa.

"Tumia ndefu hapo," mtoto akamwambia kwa Kimeru. "Hiyo mbao ndiyo ilipasuka mwaka wa ukame."

Mluzi wa Mugendi ukakatika. Alibandua rangi kidogo kwa patasi. Kweli, palikuwa na ufa wa zamani, umezibwa kwa gundi.

Alipomaliza, kitasa cha leva tano kilikuwa kimekaa imara, na komeo lilikuwa juu kabisa, mahali ambapo hata Lenah alilifikia kwa kunyoosha vidole. "Hii hata watu elfu moja wakikuja na marungu, watalala nje," Mugendi akasema. Lakini hakuinuka. Alisubiri mtoto aende kunawa mikono, akanong'ona.

"Mama Kaari, usinikasirikie. Huyu msichana ako na jina ya nyanya yake?"

"Ndio. Kwa nini?"

"Bwana yako anamwitaje?"

"Anamwita mama."

"Na wewe?"

Lenah humwita "wewe".

"Kwetu tunasema hivi. Ukikosea mtu na akufe kabla muongee, usiende kulia kwa kaburi. Unaenda mbele ya yule amebaki na jina, umpatie uji kwa mikono miwili, umwambie makosa yako. Akikunywa, imeisha." Mugendi akaanza kukusanya vyombo vyake. "Sisemi ulikosa. Nasema tu vile tunafanyanga."

"Nipige magoti mbele ya mtoto nilizaa?"

"Ni uji tu, mama."

Lenah akatoa pesa ya kazi, akamfungulia mlango. Alikuwa na hofu, ndiyo, lakini juu ya hofu alikuwa na kiburi, na juu ya kiburi alikuwa na hesabu. Akisema makosa yake kwa sauti, mtoto atayasikia kwa masikio ya mtoto. Mwisho wa mwezi Koome atarudi. Mtoto atarudia. Na hapo atapoteza mume, nyumba, na binti mwenyewe. Miaka kumi na mmoja ya kulala kwenye ngazi, kwa ajili ya nini basi?

Akazungusha ufunguo mara mbili. Kra. Kra. Funguo zote mbili akazitia kifuani.

*

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa amepika mapema, amekula mapema, amefunga kila kitu. Safari hii hakuenda jikoni. Alivuta kiti, akaketi akiutazama mlango. Kaari aliketi kwenye mkeka, miguu imenyooka mbele, mikono imelala mapajani. Wanakijiji wa umri fulani huketi hivyo. Watoto hawaketi hivyo.

Nje mvua nyembamba ilianza.

Saa moja kasoro dakika tano.

Ng'ombe alilia mara moja, akanyamaza.

Ko. Ko. Ko.

Lenah akashika mikono ya kiti.

Kimya... Kisha, chini zaidi, kwa kitu kigumu:

Ko. Ko.

"Lenah..."

Ilikuwa sauti nyembamba, imechoka, inatoka karibu kabisa na mbao. Alisikia hata mdomo ukigusa mlango.

"Lenah, kuri mpio."

Baridi. Ilikuwa ikilalamika baridi.

Kaari akainuka kutoka mkekani. Lenah akaruka, akamkamata mkono, pale pale, kwa nguvu zile zile. "Kaa chini! Sisikii kitu, na wewe husikii kitu!"

Mtoto akautazama mkono ule. Halafu akamtazama mamake usoni, bila machozi, bila hofu, kwa subira ya mtu mzima.

"Niachilie, Lenah."

Hajawahi kumwita kwa jina. Maisha yake yote ni "mami".

Vidole vya Lenah vikalegea vyenyewe.

Mtoto hakwenda mlangoni. Hakugusa kitu. Alisimama tu, mikono nyuma, akingoja. Na juu, mahali asipofika, komeo likaanza kusogea.

Krrr...

Polepole. Likakwama. Likasogea tena.

Krrr...

Kisha kitasa cha leva tano. Funguo zilikuwa kifuani mwa Lenah. Alizihisi zimelala pale, baridi dhidi ya ngozi.

Kra.

Kra.

Mlango ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na giza, mvua, na harufu ya sufu mbichi na ugoro, nzito kiasi cha kukaba koo. Na kwenye sakafu ya saruji, maji. Alama ya mguu. Alama nyingine. Mguu mmoja ulikuwa ukiburutwa.

Kaari akasogea pembeni na kuinamisha kichwa, jinsi mtoto aliyefunzwa adabu anavyompisha mtu mzima. Alama zikapita mbele yake. Zikapita mbele ya Lenah, karibu hivi. Kiti cha marehemu kikatoa mlio.

"Anasema ulete kuni," mtoto akasema.

Mtu angedhani Lenah angepiga mayowe, angemkumbatia mtoto wake na kukimbia naye. Lakini miaka kumi na mmoja ya kutumwa haitoki mwilini kwa siku moja. Miguu yake ilimtii mwenye nyumba. Alitoka, akashuka ngazi, akapiga hatua nne kuelekea kwenye rundo la kuni, na hapo ndipo akili ikamrudia.

"Kaari!"

Akageuka. Mlango ulikuwa ukijifunga taratibu. Mwanga wa sebule ukawa ufito. Ukawa uzi.

Kra. Kra.

Krrr...

Aliutoa ufunguo kifuani, ukamponyoka, akaupapasa matopeni, akaupata. Kitasa kilizunguka vizuri sana. Jawahir hakuwa amemdanganya. Lakini komeo la juu lilikuwa limeingia, na Mugendi pia hakuwa amemdanganya. Akapiga mlango kwa viganja, akapiga kwa ngumi. Aliita jina la mtoto, halafu akagundua ni jina la nani mwingine analoita, akashindwa kuendelea. Aliita "mama". Aliomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kimeru, kwa Kiembu cha kwao. Alisema yote, neno kwa neno, kwa mbao zilizolowa.

Ndani, mtu akaongeza sauti ya televisheni.

*

Ciku ndiye aliyemkuta Jumapili asubuhi, akipita kwenda kanisani. Lenah alikuwa amejikunja kwenye ngazi, midomo imegeuka kijivu, vifundo vya vidole vimechunika. Ciku alisukuma mlango, nao ukafunguka bila taabu. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda cha marehemu, chini ya blanketi tatu, ana jasho la joto.

Nyumba ya Ciku iko hatua hamsini kutoka pale. Aliapa hakusikia hodi wala kilio. Alisikia televisheni tu, kwa sauti ya juu, na akadhani wana wageni.

Pale zahanati walimpa Lenah dawa ya kifua, wakasema sauti yake imekauka kwa baridi, itarudi baada ya wiki. Alirudishwa nyumbani akiwa na mdomo unaosogea tu. Koome alifika alasiri kutoka Isiolo, vumbi la njiani bado nyweleni, akamwita Mugendi aukague mlango. Mugendi alipanda stuli, akajaribu komeo kwa mpini wa ufagio. Akasema ndiyo, mtoto mwerevu akiwa na stuli na ufagio anaweza. Halafu akauliza kama funguo zote mbili zilikuwa kwa mama usiku ule. Lenah akaitikia kwa kichwa. Mugendi akashuka, akaondoka bila kunywa chai aliyotengewa.

Koome alibaki kando ya kitanda cha mkewe. Kaari alikuwa kwenye kiti cha nyanya yake, kilichokuwa kimeletwa chumbani, miguu haifiki sakafuni. Koome akavuta stuli, akaketi chini kuliko mtoto.

"Mama," akamwambia, "ni wewe ulifunga mlango?"

"Ni sisi."

"Wewe na nani?"

Mtoto alimshangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. Akalamba pengo la jino lililong'oka. "Hata siku ile tuligonga," akasema. "Hakufungua."

Lenah akajaribu kuinuka. Mikono haikumbeba.

"Siku gani, mama?"

"Siku tulienda kukatia ng'ombe nyasi. Tukapata mlango imefungwa na komeo. Tukagonga na mkono, tukagonga na fimbo. Tukazunguka kwa dirisha. Alikuwa anatazama televisheni, akatuona, akaongeza sauti."

Koome akasogea mbele. "Lakini wewe ulikuwa ndani ya nyumba, mama. Ulikuwa mdogo."

"Nilikuwa ndani, nimeshikwa mkono. Na nilikuwa nje." Alisema hivyo kwa sauti yake mwenyewe, ya kitoto, bila uchungu wowote. "Tukaketi kwa ngazi. Kwanza miguu iliuma. Halafu ikaacha kuuma. Halafu tukasikia joto, joto sana, tukatoa sweta, tukaikunja, tukaiweka kando."

Jambo la sweta hakuna aliyelijua. Asubuhi ile ya mwaka jana Lenah alimkuta bibi kizee amevua sweta lake kwenye baridi ile, limekunjwa vizuri kando yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyemvisha tena, mkono mmoja mgumu baada ya mwingine, kabla ya kupiga mayowe. Hakumwambia mtu. Mtoto alikuwa bado amelala.

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata pumzi yenye sauti. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, akinyoosha mkono kumgusa mumewe.

Koome alimtazama mara moja tu. Aliona uso ule, akaona yote aliyohitaji kuona. Kisha akaigeuza stuli yake, akampa mgongo.

"Endelea, mama," akamwambia mtoto.